Gobole Lililoshindiliwa Mara Mbili

Niwataje kwanza waliokuwepo, ili asije mtu akasema nimeitunga.

Alikuwepo guku Masunga, babu yangu mzaa baba, ambaye kaya yetu yote ya Kimali ilikuwa chini yake tangu baba alipofariki. Alikuwepo mayu Ngolo, mama yetu. Alikuwepo kaka yangu Maduhu, tumbo moja na mimi, kijana mrefu, hodari wa kulima na ng'ombe, asiye na maneno mengi. Alikuwepo Jilala, jirani yetu wa upande wa mto, ambaye Maduhu alikuwa anamchumbia binti yake Nkwimba. Nkwimba mwenyewe siku ile hakuwepo, lakini habari hii ilimgusa kuliko wengi wetu. Na nilikuwepo mimi Kwandu, msichana wa kuchota maji, mwenye mdomo.

Siku hiyo naikumbuka mpaka rangi ya nyasi zake.

Lakini kabla sijafika huko, mwanangu, niseme kwa nini naieleza. Mjukuu wangu Kabula, ninayekaa naye hapa Bariadi mjini, aliniuliza, "Bibi, kwa nini mtu akianza kusema habari za watu unamwambia, usimshindilie mwenzio? Kwani ni gunia la pamba?" Akacheka. Nikaona hana kosa. Nyinyi wa leo mnajua kushindilia pamba, mtu anaingia ndani ya gunia anaikanyaga mpaka inakuwa ngumu kama ukuta. Mnajua pia kushindilia ugali, na hapo sihitaji kumtaja mtu. Ila mimi neno hilo nililikuta kwenye bunduki, na nimekaa nalo kwa maana ile ya bunduki mpaka leo.

Guku Masunga alikuwa na gobole. Nyumbani tulisema Kisukuma tupu, lakini habari za gobole guku alizisema kwa Kiswahili, kwa sababu fundi aliyemfundisha alikuwa mtu wa kuja, hajui lugha yetu. Kwa hiyo mtutu, baruti, fataki, kushindilia, hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili. Shuleni nilikuja kukaa miaka minne tu, nikakuta mwalimu anafundisha mengine.

Gobole halilishwi kwa nyuma kama bunduki za askari. Linalishwa kwa mdomo. Unalisimamisha kitako chini, unamimina baruti ndani ya mtutu, unatia kifumba cha pamba, halafu unachukua fimbo nyembamba ndefu ya mti mgumu unashindilia. Unatia vipande vya chuma, unatia pamba tena, unashindilia tena. Mwisho kabisa unaweka fataki, kitu kidogo kama kofia ya sisimizi, pale kinyundo kinapopiga. Bila fataki hilo gobole ni bomba tu.

Na likishashindiliwa, mwanangu, halina mlango wa nyuma wa kutolea. Ama lipigwe, ama likae hivyo hivyo limebeba. Kwa nje huwezi kulitambua. Lililoshiba na lenye njaa yanafanana.

Ndiyo maana guku alichonga alama kwenye ile fimbo kwa kisu. Ukiiingiza fimbo mtutuni na alama ikakaa sawa na mdomo, gobole ni tupu. Alama ikibaki juu vidole vinne, limebeba. Kila mara kabla ya kushindilia aliingiza fimbo kwanza na kusema, "Umekula?" kama anaongea na mgeni. Mimi nilikuwa nakaa karibu yake kwa sababu nilipenda kuona, na alinifundisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili viliondoka ujanani, siku aliposhindilia juu ya kilichokuwa kimeshindiliwa na mdogo wake. Mtutu ulipasuka. Alituonyesha ule mkono mara nyingi, sisi tukauzoea, hatukuuona tena.

Basi. Ilikuwa kiangazi, enzi kaya zilikuwa mbalimbali, bado hatujakusanywa vijijini. Sisi tulikuwa na ngitili yetu, sehemu ya majani iliyozungushiwa miiba, haiguswi na ng'ombe yeyote mpaka nje kote kumekauka, ndipo ndama na ng'ombe wa kulimia wanaingizwa. Kuingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu bila ruhusa, kwetu ni kama kuingia jikoni kwake ukafunua chungu.

Nilikwenda kuchota maji kwenye kisima cha mchangani mtoni. Nikirudi na debe kichwani, nikaona ng'ombe watatu wa Jilala ndani ya ngitili yetu, wanakula taratibu kama kwao. Nilimjua yule wa pembe iliyolala. Nikatembea mbio mpaka maji yakaniloanisha mgongo.

Maduhu alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anasuka kamba ya nira. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelala dago, huko ng'ombe walikopelekwa kutafuta malisho, ndiyo kwanza amerudi asubuhi. Alikuwa kimya. Sawa, yeye siku zote ni kimya, lakini kimya cha siku ile kilikuwa kingine, na mimi sikukiangalia. Nilikuwa na habari.

"Maduhu, ng'ombe wa Jilala wako kwenye ngitili yetu."

"Wangapi?"

"Watatu. Na yule wa pembe iliyolala."

Akaendelea kusuka. Mtu mwingine angeishia hapo akaenda kutua debe. Mimi nikaona neno langu halijashika. Nikaongeza.

"Amewaingiza mwenyewe. Anajua."

"Umemwona?"

"Sasa nani kafungua miiba? Ng'ombe kwa kwato?"

Akaiweka kamba chini. Nikaona, eh, sasa ananisikiliza. Mwanangu, utamu wa kusikilizwa na kaka yako mkubwa, ambaye kila siku anakwambia pisha hapo, ule utamu ulinilewesha. Nikatia la tatu.

"Na kisimani wanasema anakucheka. Anasema kaya ya Masunga ina mzee mmoja na wanawake watatu, na mmoja wao anaitwa Maduhu."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwandu! Nyamaza! Hujui hata ulichokanyaga!"

Kweli sikujua. Wakati niko kisimani, mshenga wetu, mzee Shigela, alikuwa ameleta jibu kutoka kwa Jilala, kwamba habari ya Nkwimba ingoje mavuno mengine. Hawakukataa, walisema ingoje tu. Lakini Maduhu alikuwa ameshaanza kujenga nyumba. Alilipokea jibu lile, akachukua kamba akaanza kusuka. Guku naye akafunga safari kwenda kwa Jilala mwenyewe kuuliza vizuri. Mama alijua yote hayo. Mimi nilimkuta mtu amejazwa tayari, nikamjaza juu yake.

Na yale maneno ya wanawake watatu? Niliyasikia kweli kisimani. Lakini niliyasikia mwaka wa nyuma, kwa mwanamke aitwaye Mbula, na alikuwa anaisema kaya nyingine kabisa ng'ambo ya mto. Mimi niliyahamisha tu. Nilitoa jina moja nikatia jingine.

Maduhu akaingia ndani, akatoka na gobole. Mama akamshika shuka. "Maduhu ng'wanawane, mwanangu, ni majani. Majani yataota."

"Si majani, mayu." Akajitoa polepole, wala hakumsukuma. Akaniambia, "Kwandu, shika kitako."

Nikashika. Sikatai, nilishika kwa mikono miwili nikajisikia mkubwa. Akamimina baruti. Akatia pamba, akashindilia. Akatia vyuma, pamba, akashindilia tena kwa nguvu mpaka kitako kikanigonga kwenye vidole vya miguu. Hakuuliza kama limekula. Hasira hiyo ilimnyima hata kule kuingiza fimbo kwanza kupima.

Mimi nikatazama ile fimbo. Ilikuwa imesimama juu sana. Alama haikuwa juu vidole vinne, ilikuwa juu shibiri nzima. Nikaelewa pale pale. Jana yake guku alikuwa amelishindilia kwa ajili ya fisi aliyekuwa anasumbua mbuzi, na Maduhu aliyelala dago hakuwa na habari. Gobole lilikuwa limebeba mara mbili.

Nikanyamaza.

Nimeulizwa na watoto wangu mwenyewe, mama, kwa nini ulinyamaza? Nisiwadanganye. Niliona nikisema neno moja tu ataacha, na akiacha ataniuliza vizuri yale niliyomwambia. Niliogopa kuulizwa. Basi, ndiyo hiyo.

"Fataki ziko wapi?" akauliza.

"Kwenye ghala la mtama."

"Kalete."

Guku aliziweka mbali na gobole, kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka. Nikaingia ghalani, nikakishika kile kikopo. Kilikuwa chepesi mno. Na humo ndani, peke yangu, kwenye vumbi la mtama, ndipo mkono wa guku ulipokuja machoni pangu na vile vidole vyake vitatu. Gobole la guku lilipasuka mkononi. Hili Maduhu angeliegemeza kwenye shavu. Na kama lisingepasuka, Jilala angekufa kwa ajili ya maneno ya Mbula ya mwaka jana.

Sikurudi mlangoni. Nilipenya nyuma kwenye minyaa, utomvu ukaniingia jichoni, nikakimbia na kikopo kuelekea mtoni.

"Kwandu! We mtoto! Unakwenda wapi?" Nikasikia miguu ya Maduhu nyuma yangu.

Nilikata katikati ya ngitili. Majani yalikuwa ya njano yenye wekundu kwenye ncha, yananifika kiunoni. Na mbele yangu, mwanangu, nikawaona guku Masunga na Jilala wanakuja pamoja taratibu, wazee wawili wanaongea, wanaangalia wale ng'ombe watatu. Jilala anamwonyesha guku yule wa pembe iliyolala, jinsi alivyokonda.

Nikasimama mbele yao nimeishiwa pumzi. Nikampa guku kikopo. Nikasema, "Guku, limeshindiliwa juu ya lile la fisi."

Hakuuliza nani, wala kwa nini. Alikifungua kikopo akaona fataki zimo. Akakifunga, akampa Jilala. Namwona mpaka leo anavyompa. "Baba Nkwimba, nishikie hii."

Jilala akakishika bila kujua anashika nini.

Maduhu akafika, gobole mkononi. Alipotuona akasimama. Guku akanyoosha mkono. "Lete."

"Guku, ng'ombe wake wako ndani ya..."

"Nimewaingiza mimi. Asubuhi, kwa mkono huu. Wanaumwa, nikasema wapate majani siku tatu. Lete."

Maduhu akaniangalia. Halafu akatoa.

Hapo ndipo Jilala alipoelewa kikopo kile ni cha nini. Akakihamishia mkono mwingine, kama kimemchoma.

Tulirudi nyumbani wote. Mama alitoa viti, akaleta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, maana mgeni ni mgeni hata siku ya namna hiyo. Guku akalilaza gobole juu ya magogo mawili, akamimina maji mtutuni mpaka yakafurika, akaongeza, akasubiri baruti ilowe isiwe na ubaya tena. Halafu akasokota waya akaupinda ncha, akaniita.

"Kwandu, utatoa wewe. Na kila kinachotoka, utamwambia baba Nkwimba neno mojawapo ulilomwambia kaka yako."

Nikapiga magoti nikaanza kuvuta. Kutia ilichukua muda wa kumenya kiazi. Kutoa ilichukua kutoka asubuhi ile mpaka ng'ombe walipoanza kwenda kunywa maji. Waya unateleza, pamba inakatika, unavuta uzi mmoja mmoja. Kilipotoka kifumba cha kwanza nikasema, "Nilimwambia ng'ombe wako wamo ngitilini." Jilala akaitikia kwa kichwa, "Kweli wamo." Vikatoka vyuma. "Nilimwambia umewaingiza mwenyewe." Jilala akamwangalia guku.

Nilipofika kwenye baruti ya chini, ile tope nyeusi, nikalia. Guku akasema, "Lia, lakini vuta."

Nikasema lile la wanawake watatu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Jilala akarudia polepole, "Na mmoja wao anaitwa Maduhu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Hii ni nzuri. Ningeipata mimi ningeisema! Nani kaitunga?"

"Mbula, baba. Lakini alisema juu ya watu wengine."

"Mbula!" Akajifuta macho. Hata Maduhu midomo ilimcheza. Nikadhani tumepona.

Jilala alipoinuka kuaga, alimrudishia guku kikopo, akamgeukia kaka yangu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Maduhu, wewe ni kijana mzuri. Jembe lako naliona kila siku. Nilikuwa nangoja mavuno tu, basi, kwa sababu mama yake Nkwimba anaumwa na huyu binti ndiye mikono yake. Lakini leo umechukua bunduki kabla hujaja kuniuliza kwa mdomo, na kwangu ni hapo tu. Mke ataleta habari nyumbani kila siku, nyingine atakuwa amezisikia vibaya. Nitakuwa jirani yako mpaka nife. Mkwe, hapana."

Maduhu akasema, "Nimesikia, baba." Hakujitetea wala hakunitaja.

Nkwimba aliolewa baadaye upande wa Lagangabilili. Alikuwa rafiki yangu, tulisukana nywele, na hakuwahi kuniuliza kitu. Maduhu akaoa mke mwingine, Holo, mwanamke mwema, wakapata watoto saba, na nyumba yao ilikuwa na amani. Lakini ile nyumba aliyokuwa ameanza kujenga hakuiezeka. Aliacha kuta zikanyeshewa mpaka zikawa udongo.

Jilala alipoondoka, guku hakunipiga. Aliniita tu, nikakaa. Akauweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya goti langu.

"Mimi vidole vyangu viliondoka kwa kuwa sikuangalia fimbo. Sikujua. Wewe uliiangalia, ukaona, ukanyamaza. Na kabla ya hapo ulikuwa unasema wakati wa kunyamaza. Leo asubuhi yote ulikuwa kinyume, mpaka ulipoingia ghalani. Kwa ajili ya huko ghalani mimi bado nakuita mjukuu wangu."

Hilo ndilo karipio lote. Sijawahi kupata jingine zito kama hilo, na nimekuwa mke, mama mkwe, na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kwa hiyo makaripio nimeyapata.

Magobole yenyewe yameisha. Watu waliambiwa wayasalimishe serikalini, guku akalipeleka la kwake kwa miguu yake mwenyewe, akarudi na ile fimbo tu. Lakini kushindilia hakujaisha. Kumehamia kwenye simu. Mtu yuko Dutwa anamtia maneno mtu aliye Mwanza, hata uso wake hauoni.

Juzi Kabula alishika simu ampigie dada yake wa Lamadi, anayeuza dagaa, amweleze aliyoyasikia sokoni juu ya mume wake. Nikamwambia, "Umeona?" Akasema, "Wanasema, Bibi." Nikamwambia, "Haya, mpigie. Lakini kwanza muulize ameamkaje, halafu unyamaze usikie." Akampigia, akauliza. Dada yake akaanza kulia. Alikuwa amekesha hospitali mtoto anaumwa, na huyo mume ndiye aliyembeba mtoto mgongoni usiku kucha. Kabula alisikiliza, akampa pole, akakata simu. Yale ya sokoni hakuyatoa. Aliniangalia, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Sasa nakwambia wazi, mwanangu, usije ukasema bibi alizungusha. Kabla hujamtia mwenzio neno, jua amebeba nini tayari. Muulize ameamkaje, na usubiri jibu lake mpaka mwisho. Ulichokiona sema umekiona. Ulichokisikia sema umekisikia, na kwa nani, na lini. Usihamishe jina. Neno la kweli likitosha, liache hapo, usiongeze jingine kwa sababu tu hawajakusikiliza vya kutosha. Na ukiwa umeshakosea, ukaona mtu anakwenda kuumia kwa maneno yako, usingoje upate ujasiri wa kueleza vizuri. Kimbia nusu ya habari ikiwa mdomoni, aibu utaikuta mbele na utaivuka. Mimi niliivuka nikiwa nimepiga magoti mbele ya jirani, na bado nipo.

Na wewe unayetiwa maneno, usinyanyuke na kitu mkononi. Nyanyuka na mdomo wako, nenda kwa mwenyewe, umuulize.

Mungu awape masikio yenye subira na ndimi zisizo na haraka. Ng'ombe wenu washibe, wagonjwa wenu wainuke, majirani zenu wawe watu mnaoweza kuketi nao mchana kweupe. Mkitukanwa mcheke kama Jilala, na mkiwa na nguvu ya kuumiza mtu, akosekane wa kuwaletea fataki. Amina.

Na kama yuko msomaji wa Kimali, wa kaya ya Masunga au ya Jilala, anisahihishe. Nimeandika mshenga alikuwa mzee Shigela. Usiku huu nimelala nikiwaza, huenda alikuwa mdogo wake, Limbu, maana mimi siku ile sikuwepo alipokuja, niliambiwa tu. Kama ni Limbu, mniambie tu, nitamwomba radhi Shigela na kumwandika mwenye haki yake.